Kukoroma Pangoni

Tangu ujana pua yangu ilikuwa na maradhi yasiyopona. Makamasi mazito yalijaa mpaka chini ya macho. Nikilala nahema kwa mdomo, nakoroma, kisha nashtuka roho ikitaka kutoka. Nyumbani Bigwa mke wangu alinifukiza kwa majani ya kivumbasi, nikapata usingizi kidogo. Anayelala hivyo miaka na miaka huwa na hasira za bure, nami nilikuwa nazo tele.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipokaribia, askari walipanda Uluguru kukamata wanaume wa kubeba mizigo. Wengi waliochukuliwa hatukuwaona tena. Mimi na mashemeji zangu wawili tukajificha pangoni: usiku tunashuka kula, mchana tunalala. Moto ulikuwa mwiko, moshi ungetusema, kwa hiyo hata kujifukiza hakuna.

Kwetu mume huhamia kwa mkewe, na ardhi ni ya ukoo wa mke. Pango lile lilikuwa lao, mimi mgeni tu. Siku ya tatu askari walipita njia ya chini, nami nakoroma. Shemeji mkubwa akaniziba mdomo kwa kiganja. Pua imeziba, mdomo umezibwa, nikadhani ananiua, nikamng'ata. Hakutoa sauti. Askari walipokwisha kupita alifuta damu, akasema, "Shemeji, nakuheshimu. Lakini ukilala tena humu, tumekwisha sote."

Sikulala siku mbili. Kichwa kiliniuma, nikasikia viatu visivyokuwepo. Nao hawakulala, wakinilinda nisisinzie. Niliwachukia, na nafsi yangu zaidi. Nikaondoka bila kuaga, maana wangenizuia kwa adabu tu. Nilivuka makorongo mawili ili nikorome mbali nao, nikajilaza migombani.

Niliamshwa na teke la mbavu. Askari akauliza wenzangu wako wapi. Nikasema niko peke yangu.

"Mtu mmoja hakoromi hivi," akasema mwenzake.

Walipekua migomba yote, mimi nimefungwa kamba, nikiomba wasivuke korongo. Hawakuvuka.

Usiku ule kambini, shingo yangu imefungwa pamoja na ya mtu nisiyemjua, pua iliziba kama kawaida nikashtuka mara nyingi. Kila nilipoamka nililala tena. Nililoliogopa lilikuwa limeshatokea. Nililala vizuri kuliko siku zote za pangoni, na mpaka leo naona haya kulisema.