Leonidas Aliyejua Kuogelea

Bibi Domisiana wa Nyakisasa hakuwahi kumwita mumewe marehemu. Alimwita "yule wa Uganda." Ukimuuliza habari za Leonidas, alikwambia yuko huko, ana mke mnene na watoto, anakula ndizi, na Mungu amsaidie akwamwe na mfupa. Ndizi hazina mfupa, lakini nani angethubutu kumwambia? Mimi Teddy ni jirani yake, nauza chai na maandazi gulioni, na ulimi wangu una makali yake. Mbele ya bibi huyu nilikuwa naufyata.

Leonidas alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda Vita vya Kagera, Domisiana akiwa bado bibi harusi mwenye mimba. Vita vilipokwisha alirudi rafiki yake Bizimana, peke yake, akaja kumwambia shemeji yake kwamba Leonidas amekufa maji wakati wa kuvuka Mto Kagera.

Hapo ndipo alipoharibu. Leonidas alizaliwa ukingoni mwa Ruvubu. Mto ule alikuwa akiuvuka kwa kuogelea kwenda kwa wajomba zake upande wa Burundi, kifurushi cha maharage kichwani, na maharage hayalowi. Mtu wa namna hiyo afe maji? Domisiana alijua papo hapo kwamba anadanganywa, kwamba wanaume wamepatana kufichiana siri na mumewe amebaki Uganda na mwanamke. Akashika mpini wa jembe. Bizimana akatoka mbio hajamaliza maneno yake, akahamia Bisibo kule Biharamulo, na Nyakisasa hakuikanyaga tena.

Wakwe nao walileta shina la mgomba. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake, watu walie, matanga yaanuliwe, maisha yaendelee. Domisiana alilikatakata lile shina akawapa mbuzi. Hakulia, na hakuolewa tena, maana angeolewaje na mume yuko hai? Binti yake Priscila alikua akiambiwa kwamba baba yake aliwatupa. Mimi niliyasikia hayo tangu nilipoolewa kijijini hapa, na niliyaamini. Wanaume tunawajua.

Mwaka huu, siku ya gulio, mvua ilitukuta bibi akiwa na beseni lake la parachichi karibu na meza yangu. Tukakimbilia banda la video la Marcel. Vijana walikuwa wamejaa mle kuangalia mpira wa Ulaya, lakini dishi la Marcel likiona wingu tu linakata. Ili wasimvunjie mabenchi, akachomeka flashi na kuweka picha ya vita ya zamani, nyeusi na nyeupe, kisha akashika maiki kututafsiria. Kiingereza cha Marcel ni cha kubahatisha, ila sauti anayo. Alitueleza kwamba walio kwenye mashua ni Wamarekani na Waingereza wanakuja kushuka ufukweni, na kule juu, ndani ya zege, Mjerumani anawangoja. Bibi akauliza kama ni Mjerumani yule aliyejenga boma la Biharamulo. Marcel akajibu kwamba ni ukoo huohuo. Tulicheka, na bibi alicheka pamoja nasi.

Mashua zikafungua midomo, askari wakaanza kuruka. Risasi zilikuwa zinawamaliza, lakini wengine walizama kabla hata risasi haijawagusa. Walikuwa na kofia za chuma, buti, bunduki, mifuko kifuani na mgongoni. Mmoja alitoa mkono juu, kisha mkono nao ukaenda chini.

"Hawajui kuogelea hao," alisema bibi.

"Wanajua, bibi," Marcel alimjibu, maiki ikiwa chini. "Askari wote wamefundishwa. Ila na mzigo ule, hata samaki angezama."

Bibi akasimama. Vijana wakalalamika kwamba anawaziba. Hakuwasikia. Alimwomba Marcel arudishe pale, naye akarudisha. Ule mkono ukatoka tena na kwenda chini tena. Akaomba arudishe mara nyingine, na safari hii hakuna aliyelalamika. Kisha akatoka nje mvuani, beseni lake akaliacha. Nilimfuata nikiwa na khanga yangu ya kumfunika, nikamkuta amesimama kwenye tope. Akaniuliza kama yule mtu alikuwa na mzigo. Nilidhani anasema habari za picha. Kumbe alikuwa anamsema Leonidas.

Aliniomba nimsindikize Bisibo. Tulipanda basi hadi Biharamulo mjini, kisha pikipiki. Tulimkuta Bizimana mlangoni kwake anamenya mihogo, mzee ambaye macho yamekwisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza ni nani. Bibi hakusalimia.

"Bizimana, alikuwa amebeba nini?"

Aliweka kisu chini. Aliijua sauti ile, akageuza uso kuielekea.

"Shemeji, miaka yote hii nangoja uniulize. Mimi nilikuwa naogopa maji, natetemeka. Akasema, lete mzigo wako, mimi mtu wa Ruvubu. Akaubeba wangu juu ya wake. Mtumbwi ulipopinduka mimi nilikuwa mwepesi, nikashika ubao. Yeye sikumwona akitokea."

Domisiana alikaa chini, kwenye maganda ya mihogo. Alilia kilio ambacho alipaswa kulia akiwa msichana. Alisema kwamba amemtukana mumewe, amemtukana kila siku, na mtoto wake wa pekee amemfundisha kumchukia. Bizimana alikuwa anapapasa hewani akitafuta bega lake la kumshika, halipati. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Ndani ya basi, tukirudi, alisema jambo moja tu. Maji ya Ruvubu ndiyo yanayoingia Kagera, alisema, kwa hiyo yalikuwa yanamjua tangu mtoto.

Mgomba wa kuzika aliuchagua Priscila mwenyewe, nyuma ya nyumba. Aliufunga kwenye shuka jeupe huku akiuita baba, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Katekista alisali, na Bizimana, aliyeletwa akiwa ameshikwa mkono, akatupia udongo. Kaburi lilipojaa, wajukuu walianza kuleta mawe ya kupanga juu, kama tufanyavyo ili mbuzi wasifukue.

Bibi aliwazuia kwa mkono.

"Mawe hapana," alisema. "Alibeba ya kutosha."

Wakayarudisha walikoyatoa, na sisi wanawake tukausawazisha ule udongo kwa viganja.