Kadi Mama ya Mashine Namba Tatu

Tata Kabamba, mzee wetu, amesafisha kompyuta za shule yetu ya Kolwezi kwa miaka kumi na moja. Malori ya madini hupita mbele ya lango, na vumbi lake huingia hata kwenye droo zilizofungwa. Kila mwisho wa mwezi huzifungua mashine zote tano, hutoa vya ndani, huvipuliza kwa pampu ya baiskeli, kisha huvirudisha. Nyuma ya kila mashine amepaka namba kwa rangi nyeupe. Mgongo wake umeshazoea kuuma.

Jumatatu moja mama Mushiya, karani wetu, aliwasha namba tatu ili atume majina ya watoto wa mtihani. Orodha ingefungwa saa sita mchana. Programu ya mitihani ilimkatalia: kompyuta hii haijaandikishwa.

"Tata Kabamba, hii mashine hainijue tena! Batoto mia moja na makumi nane batakosa mutihani."

"Inagoma, mama," mwalimu Kazadi alitania. "Uiletee bukari ikule."

Hakucheka mtu. Mama Mushiya alipigia simu ofisi ya mitihani. Wakamweleza kwamba programu huitungia kila kompyuta namba yake kutoka kwenye kadi mama, ule ubao mkubwa wa ndani, na namba hiyo ndiyo waliyoiandikisha. Namba ya rangi iliyo nje haina maana kwao. Kuandikisha namba mpya kungechukua wiki mbili.

Ijumaa iliyotangulia Kabamba alikuwa amezipanga kadi mama tano mezani, zote za kijani, zote sawa. Diski alizibandika karatasi zenye namba, kadi hakuzibandika. Alikuwa amechoka, akazirudisha jinsi mikono ilivyozifikia.

"Mama," alisema mwishowe, macho sakafuni, "ni mi. Nilichanganya bya ndani."

"We tata! Na unanyamaza tu tangu asubuhi?"

"Nilisikia haya, mama."

Alichomoa diski ya namba tatu, yenye programu na majina, akaiweka katika namba moja, akitafuta ilipo kadi yake ya zamani. Programu ikakataa. Namba mbili, ikakataa. Namba nne pia. Saa tano na dakika arobaini, ndani ya namba tano, ilifunguka bila kuuliza kitu, na majina ya watoto yakatokea. Mama Mushiya akaketi, akatuma.

Orodha ilipofika ofisini, Kabamba alileta kopo la rangi na kijiti, akazifungua tena mashine zote ili aandike namba kwenye ukingo wa kila kadi. Mama Mushiya alivua viatu, akachuchumaa kando yake, akamshikia kopo.