Ndege Wakishuka, Ingieni

Kabla ya vita, kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha wageni ndege kwenye hifadhi ya mikoko, kusini kidogo ya kituo cha mpakani cha Namoto. Wageni walikatika, darubini ikabaki. Niliificha ndani ya gunia la makopa ya muhogo, maana askari wakikukuta nayo utajieleza mpaka ulimi ukauke. Ndege sikuwaacha. Wakati wa upepo wa kusi, topeni walibaki yangeyange wachache tu, nami nilinuna miezi yote ile. Kaskazi ikianza kuvuma, sululu na vitwitwi, ndege wahamaji, walirudi makundi kwa makundi, nikafurahi kama niliyepokea ndugu.

Wanawake wa kwetu nao waliwatazama, kwa sababu zao. Maji ya bahari yakitoka, walikaa ukingoni na vikapu vyao wakingoja. Ndege wakishuka kula, maana yake mikokoni hamna mtu. Wanaingia kuchokoa kombe wa kula topeni. Ndege wakiruka kwa pamoja, wanakimbia bila kuuliza.

Dada yangu aliamini hilo kuliko redio. Asubuhi moja nilimwambia sikupenda kimya cha upande wa mtoni.

"Ndege wako wameshashuka, mdogo wangu," alisema akicheka. "Au unataka wanangu wale hofu yako?"

Njaa haina adabu. Akaingia na wenzake.

Nilibaki ukingoni na darubini, roho juu. Nilimfuata yangeyange mmoja mpaka kwenye mizizi ya mikoko, na kando yake nikaona buti. Buti lilikuwa na mguu ndani. Nikaona la pili, kisha bunduki. Wale watu walikuwa wamelala pale tangu kabla ndege hawajashuka, na ndege wakawazoea kama magogo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nilipiga kelele, upepo ukanirudishia mwenyewe. Nikavua shati, nikaingia topeni mbio nikilipeperusha, mpaka ndege wote wakaruka. Wanawake walionipa mgongo waliona ndege tu. Wakatupa vikapu, wakakimbia. Dada yangu alikuwa amenielekea uso. Aliniona na shati mkononi, akajua ni mimi niliyewafukuza ndege.

Alitikisa kichwa, kama alivyozoea kunifanyia, akainama tena kuchokoa. Wale wenye bunduki walimkuta bado ameinama.