Hawa na Pejo Iliyooza

Hawa Bulaimu alipofungua bakuli la chini ya injini, pale panapokaa mafuta, alikimbilia kwenye migomba akatapika.

Alitegemea kuona mafuta meusi. Badala yake alikuta kitu kizito cha rangi ya kahawia, kilichoganda kama sabuni iliyosahauliwa majini, na ndani yake mende wamenasa kwa miguu. Harufu yake ilikuwa ya chakula kilichooza pamoja na chuma. Alinawa kwa sabuni, kwa majivu, kisha kwa ndimu. Jioni alipomega bugali aliinusa tena kwenye vidole vyake, akasukuma sahani pembeni.

Hawa ni fundi cherehani, mjane, mwenye watoto waliokwisha kuoa na kuolewa. Anakaa Kasuku, mjini Kindu, katika kiwanja alichokiacha marehemu baba yake, mzee Bulaimu. Baba yake alimfundisha kuendesha gari, lakini hakuwahi kushika spana maishani mwake. Gari lenyewe lilikuwa Pejo 404 ya bashe, yaani yenye turubai nyuma, ambayo mzee alikuwa akibebea mchele wa Kailo na vitambaa vya kuuza Kalima. Ijumaa aliiosha mwenyewe kabla ya kwenda msikitini, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kula ndani yake, hata karanga.

Mwaka wa 1998, vita vilipofika Kindu, watu wenye bunduki waliingia uani wakataka funguo. Mkubwa wao, ambaye watu walimwita Komanda tu, alikaa kiti cha mbele na buti zake za matope, akatema mate chini ya usukani huku mzee akimtazama. Tangu siku hiyo Pejo ikabeba mbuzi wa wizi, magodoro ya watu, mifuko ya mawe ya kasiterite, madini ya bati, kutoka machimboni. Ikabeba watu pia. Waliopakiwa nyuma, chini ya turubai, wengi hawakurudi.

Vita vilipoisha gari lilikutwa limetupwa kichakani, halina magurudumu. Majirani walilikokota hadi uani. Mzee Bulaimu alilifunika kwa mabati na hakuligusa tena mpaka alipokufa.

Liliendelea kukaa hapo, kuku wakitagia ndani, hadi mwaka juzi, pale Abdoul, mdogo wake Hawa, alipoleta wanunuzi wa vyuma chakavu. Mmoja alifunua bati, akacheka.

"Ah! Njo ile mutokari ya Komanda!"

Hawa alilirudisha lile bati mahali pake. Baba yake alilinunua kwa jasho la ujana wake wote, na jina lililobaki juu yake lilikuwa la mwizi.

"Tokeni," aliwaambia. "Haiuzwi."

"Dada, iko inaoza," Abdoul alisema. "Utaifanyia nini?"

"Nitaitengeneza. Itatoka hapa kwa nguvu yake yenyewe, na watu watajua ilikuwa ya nani."

"Weye? Na mashini yako ya kushona?"

Kesho yake Hawa alimwendea Florentin, fundi wa magari mzee wa Mikelenge, akamwomba waifanye kazi pamoja. Florentin aliposikia ni gari gani, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Ile sitaishika, mwanangu. Walinilazimisha niitengeneze wakati wa vita. Mafuta ya moteri yalikosekana, wakanifanya nitie mafuta ya ngazi, yale ya kupikia, na bunduki iko hapa." Aligusa kisogo chake. "Nilisafisha nyuma pia. Usiniulize nilisafisha nini."

"Basi nifundishe tu, Papa. Nitashika mimi."

Walikubaliana hivyo. Florentin alikuwa akija asubuhi, anaweka kiti chake nje ya ua, upande wa barabara, na kumwelekeza kutoka huko. Hakuvuka ua hata mara moja.

Kumbe ile sabuni ya kahawia ndiyo yale mafuta ya ngazi, yaliyokaa mle miaka yote. Hawa aliyachota kwa kijiko cha zamani, kitambaa kikiwa kimefungwa puani. Alipotoa kichwa cha injini, tundu moja la pistoni lilikuwa na kiota cha panya, manyoya na vijifupa. Mengine mawili yalikuwa na kutu, pistoni zimeshika kama zimepigwa lehemu. Alimwagia mafuta ya taa, akasubiri, akagonga kwa kipande cha mti. Hazikusogea. Alimwagia tena. Wiki zilipita hivyo, wateja wakilalamika kwamba nguo zao zinanuka mafuta ya taa, na mmoja akarudisha gauni la harusi huku ameshika pua.

Alichukia kila kitu cha kazi ile. Alichukia grisi chini ya kucha. Kiti cha mbele ndicho kilichomchukiza kuliko vyote, kwani kila alipopita karibu aliyaona akilini yale mate ya Komanda. Siku moja alikifungua, akakiburuta hadi jalalani, akakichoma, na kusimama hapo mpaka sponji yote ikawa majivu.

"Sasa utaendesha umekaa wapi?" Florentin aliuliza kutoka nje.

"Juu ya ubao."

Pistoni ziliachia hatimaye. Pete mpya za pistoni zilikuja, pamoja na magurudumu, kwa treni kutoka Lubumbashi, baada ya kungojewa sana, na Hawa alivunja pete ya kwanza kwa kuibana kwa pupa. Aliposhindwa kujizuia alitukana, yeye ambaye hakuwahi kusikika akitukana, na Florentin akajifanya hakusikia.

Kosa kubwa lilikuja kwenye kurudisha kichwa. Alikaza bolti kuanzia upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Injini iliwaka kwa muda mfupi, ikapiga moshi mweupe, ikazimika. Alipokagua mafuta mapya aliyakuta yamekuwa kama maziwa yaliyokatika. Maji yalikuwa yamepenya ndani. Alitaka kuchukua nyundo.

"Ulianzia wapi kukaza?" Florentin aliuliza.

"Pembeni."

"Anzia katikati, unatoka nje kidogo kidogo. Ukianzia pembeni, katikati panainuka."

Hawa alikaa chini kwenye vumbi. Kitambaa kipana hufungwa pini kuanzia katikati, la sivyo hujikunja; jambo hilo aliwafundisha wasichana wengi waliokuja kujifunza kushona kwake. Alijiona mjinga. Akamwaga yale maziwa, akasafisha upya, akaanza tena.

Injini iliwaka vizuri asubuhi ya siku ya soko. Ilitikisika, ikakohoa, kisha ikatulia katika mlio wake wa chini, wenye mkwaruzo kidogo. Abdoul, aliyekuja kutazama, alipiga makofi. Hawa alicheka, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

Kisha akaona mtaani watu hawacheki. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi alibeba beseni lake akaingia ndani. Mlango wa jirani ukafungwa, na wa mbele yake pia. Florentin hakuwa tena kwenye kiti chake.

Aliyekuja ni Mama Philomène, wa nyumba ya tatu, ambaye mume wake Gédéon, mfanyakazi wa reli, alichukuliwa wakati wa vita. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye gari, akatemea mate boneti.

"Zima."

Hawa alizima.

"Nilikuwa nalala chini ya kitanda na watoto, nasikia huo mlio unakuja," Mama Philomène alisema. "Ukipita, tunashukuru. Siku moja haukupita. Na leo weye unaufufua, na mikono yako!"

Hawa alitazama mikono yake. Kinyaa alichokuwa nacho kwa lile gari kilimgeukia mwenyewe. Alikuwa ameuosha uchafu wote alioweza kuuona, wala hakuwahi kufikiria kwamba majirani waliufahamu ule mlio kuliko jina la baba yake.

"Nisamehe, Mama. Nitaifungua yote. Waje waichukue wenye vyuma."

Mama Philomène alizunguka gari. Alishika ubao wa nyuma.

"Usifungue kwanza. Kuna muntu aliniambia walimupeleka wapi. Njia ya Kalima. Sijawahi kufika. Unipeleke."

Walikwenda siku ileile. Mama Philomène alikataa ubao wa mbele, akapanda nyuma, akakaa pale walipokaa wale waliochukuliwa, ameshika vyuma vya turubai. Karibu na daraja la miti aligonga, Hawa akasimama. Palikuwa na shamba la mihogo. Kijana aliyekuwa akilima aliwasalimia kwa heshima. Hakujua lolote, shamba alilipata juzi tu kutoka kwa wajomba zake. Akawapa mihogo.

Mama Philomène alisimama kati ya matuta muda mrefu, kisha akarudi na kuiweka ile mihogo kando ya barabara.

"Nilizani nitalia," alisema. "Nasikia tu kinyaa."

"Mimi pia, Mama."

Walipofika Kasuku, Mama Philomène alishuka polepole, akapangusa kanga yake, akasema, "Ule mlio, tafuta namna ya kuupunguza. Hapa kuna wazee." Akaingia kwake.

Kesho yake Florentin, aliposikia ombi hilo, alivuka ua kwa mara ya kwanza. Alilala chini ya gari na kufunga bomba jingine la moshi, la kupunguza mlio, akifanya haraka, na alipomaliza alinawa mara nyingi.

Sasa Hawa hubeba mchele kutoka Kailo. Wapo wasiotaka magunia yao yapakiwe humo, naye hawalazimishi. Wengine bado husema ni ya Komanda, wengine ya Bulaimu, na watoto husema ya Mama Hawa. Hajawahi kuipenda. Ikizimika njiani anashuka kutoka kwenye ubao wake, anafungua boneti, anaitengeneza huku amekunja pua, na kuendelea na safari.