Mwiba Uliompeleka Risper Homa Bay

Mkaanga samaki kukabwa na mwiba ni aibu, tena mbele ya wateja, na ndiyo maana Risper alinyamaza maumivu yalipoanza. Alikuwa kibandani kwake Mbita, kando ya ziwa, karai linachemka, naye amejibanza nyuma ya meza akila mgongo wazi, ule uti wa mbuta unaobaki nyama ikishachukuliwa. Ghafla kitu kikambana kifuani, kikapanda hadi kwenye taya. Akaweka sahani chini. Mwiba huu, akajiambia, akameza mate.

Mate hayakusaidia kitu. Leonida, mke wa shemeji yake, ambaye walikaanga pamoja kila siku, akamwona ameshika koo.

"Mama Jeff, umemeza mfupa?"

Risper akaitikia kwa kichwa.

Ziwani hata mtoto anaijua dawa ya mwiba: tonge kubwa la ugali, limezwe bila kutafunwa, liusukume mwiba mpaka tumboni. Leonida akafinyanga la kwanza. Risper akalimeza, macho yakamtoka. Likapita, maumivu yakabaki palepale. La pili likapita. La tatu lilikuwa kubwa hata wanawake wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko.

"Yawa! Leo samaki wamelipiza kisasi!"

Risper alitaka kucheka nao, akashindwa. Jasho lilimlowesha mgongo, jasho baridi, na yeye yuko kando ya moto. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Aliogopa, aliogopa sana, lakini samaki walikuwa bado kwenye mafuta, yale mafuta ya tangu juzi, meusi tititi, na nani angewageuza?

"Meza lingine," Leonida akasema. Sasa hakuwa anatania.

"Wacha!" Aliyesema ni Sumeya, mwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara, aliyefika kununua samaki wa mchana. "Tonge tatu zimepita. Kama njia iko wazi, mwiba iko wapi?" Akamshika Risper kiganja, akashtuka kilivyopoa. "Dada, uchungu iko wapi?"

"Hapa." Kifua. "Na hapa." Taya. "Na mkono."

"Mkono haina mwiba. Hii ni moyo."

"Moyo?" Leonida alikuwa karibu kukasirika. "Moyo ni ugonjwa ya watu wa Nairobi, wale wa nyama na chipsi. Sisi tunakula samaki!"

Risper naye aliamini hivyo. Angeliapa hata kanisani. Lakini pumzi zilimkatika, na alipotaka kusimama akaangukia meza. Nitakufa hivi, akawaza, nimeshiba ugali.

Mume wa Sumeya akaleta gari. Njia nzima Leonida alimkumbatia akilia. "Usilale, nyamera, dada yangu. Ni mimi nilikulisha hiyo ugali. Usinifanyie hivyo!" Risper alitaka kumwambia si kosa lake, ila maneno hayakutoka.

Huko hospitalini Homa Bay walimpokea mbiombio. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na daktari hakumficha: wangeendelea kufinyanga matonge kwa muda kidogo zaidi, gari lingebeba maiti.

Alipopata nguvu ya kuketi, muuguzi aitwaye Pauline akamuuliza anakula nini.

"Samaki, sista. Kila siku."

"Samaki yenyewe, ama mifupa?"

Risper akaona haya. Nyama ni ya wateja na ya Zablon, mumewe. Yeye humung'unya mifupa iliyokaangwa, na chumvi juu.

"Basi unakula mafuta na chumvi," Pauline akasema. "Samaki husaidia moyo wa mwanamke, mama, lakini lazima afike kwenye sahani yako. Mchemshe, ule nyama."

Jioni hiyo Zablon, aliyekwisha kuambiwa maneno ya muuguzi, akaja na bakuli la moto. Alikuwa amenunua samaki, ngege mkubwa, akasema kwa fahari, akamchemshia kwa mkono wake mwenyewe. Risper machozi yakamlenga. Akafunua. Ndani mlikuwa na mchuzi mwingi na mkia.

"Wageni walikuja nyumbani kukupa pole," Zablon akasema. "Sasa wangerudi na njaa?"

Risper akafunika bakuli, akamrudishia.

"Baba Jeff, rudi nayo. Mimi bado niko hai. Niletee nyama."

Zablon akacheka. Kisha akamtazama mkewe usoni, kicheko kikamkauka, akachukua bakuli akatoka.