Ukuta Uliozuia Barafu

Dorkasi alilima kabeji, karoti na viazi Shume, kwenye milima ya Lushoto, kwa miaka mingi kabla ya kupata nyumba aliyoitaka. Mumewe alifariki nyumba ikiwa bado msingi tu. Akaendelea mwenyewe, msimu huu matofali, msimu ule saruji, na ilipofika zamu ya kuezeka akamwambia fundi anataka nyumba kama zile alizoziona Tanga alipokwenda kumtembelea mwanawe, Kristian. Paa lake limelala, halionekani kutoka nje, limezungushiwa ukuta mfupi juu.

Fundi alikuwa amezijenga nyingi huko pwani. Hakuna aliyemuuliza habari za mvua ya mawe, naye hakuwahi kuiona.

Nyumba ilipokwisha, aliyejivuna kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, Bibi Perpetua, ambaye magoti yalikuwa yamemchosha na sasa aliishi na Dorkasi. Jumapili alialika wenzake chai, na kila mgeni ilibidi kwanza asimame barabarani aitazame nyumba kwa mbele. "Kama ya mkurugenzi," Bibi alisema. Dorkasi alicheka, lakini ndani ya moyo alifurahi. Tangu alipoolewa, mama huyu hakuwa mwepesi wa kumsifu.

Mvua ya mawe Shume si jambo geni. Hupiga, watoto huokota barafu wakala, ikaisha. Alasiri moja haikuisha. Mawe yaligonga bati kwa kishindo hadi watu wawili waliokaa kwenye kochi moja wasisikizane. Kisha, wakati nje bado inamwagika, kishindo kikafifia juu ya vichwa vyao.

"Imekatika," Bibi akasema.

Dorkasi akachungulia dirishani. Haikuwa imekatika. Shamba lote lilikuwa jeupe, na mawe yalizidi kuanguka. Ndipo alipoelewa: juu ya paa barafu ilikuwa inaangukia barafu. Ukuta ule mfupi ulikuwa umeikusanya yote, na mabomba ya kutoa maji yalikuwa yameziba. Mbao za kenchi, zilizobeba paa, zikalia. Dari la sebuleni likaanza kushuka katikati, taratibu, maji yakichuruzika kwenye waya wa taa.

Alikwenda kuzima umeme, akarudi. "Mama, inuka. Tunatoka."

"Twende wapi na mvua hii?"

"Jikoni."

Alimfunika sinia kichwani, akamkokota hadi jiko la zamani nyuma ya nyumba, lililojengwa na marehemu baba mkwe. Paa la jiko lilikuwa limesimama wima kama mikono ya mtu anayesali, na barafu iliteleza ikaanguka chini. Akamketisha kwenye kigoda, akachukua ngazi na mti mrefu.

Alirudi kwenye nyumba, akapanda, akajaribu kwanza kuzibua bomba kwa mti. Mti ulizama kwenye barafu kama kwenye ugali mgumu, haukufika popote. Aliposikia ubao mmoja ukivunjika ndani, alishuka, akarudi na sururu.

Shabani, kijana wa Singida aliyefanya kazi ya kupasua mbao na aliyekuwa amepanga chumba jirani, alimwona kutoka kibarazani kwake. Akaja mbio, amejifunika ndoo kichwani.

"Mama Kristian, shuka! Utaanguka!"

"Nishikie ngazi!"

"Unataka kufanya nini?"

"Nabomoa."

"Ukuta wako huu?"

Dorkasi akainua sururu. Pigo la kwanza lilimuuma yeye kuliko tofali. Rangi ya ukuta ule aliichagua mwenyewe, akabadilisha mawazo mara kadhaa dukani Lushoto hadi muuzaji akachoka. Akapiga tena. Tofali likatoka, kisha jingine, na maji yaliyochanganyika na barafu yakaporomoka kando ya ngazi kwa nguvu, yakamlowesha Shabani hadi kiunoni. Walipokezana. Walitoboa upande wa nyuma, kisha wa mbele, na barafu ikaendelea kumwagika hata baada ya mvua kukoma.

Dari la sebuleni lilianguka. Paa lilibaki.

Bibi Perpetua alipotolewa jikoni alisimama mbele ya nyumba akiyatazama yale matundu. "Umeiharibu sura ya nyumba," alisema, na akaanza kulia. Dorkasi aliirudisha sururu mahali pake. Alikwenda shambani. Kabeji zilikuwa zimechanwachanwa, zimebaki vikonyo. Alisimama pale, akajiuliza alikuwa ameijenga ile nyumba kwa ajili ya nani. Wanaopita barabarani walikuwa wakiiona uso tu. Wanaolala ndani ni wawili, yeye na mama huyu mwenye magoti mabovu.

Jioni Bibi alimwita. Alikuwa amekaa kwenye godoro chumbani, mahali palipobaki pakavu, naye akamwashiria aketi karibu.

"Nilikuwa nalilia ukuta," alisema. "Nimekaa hapa nikafikiri, huyu mtoto angeniacha nikimbie mwenyewe, ningefika wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mtoto.

Kristian alipopiga simu alitaka ukuta urudishwe, na mabomba makubwa zaidi. Dorkasi alimsikiliza hadi mwisho. "Baba, wewe unaishi kwenye joto," akamwambia. "Huku nataka paa linalomwaga." Kristian akasema atakuja kusaidia.

Baada ya mavuno ya viazi walibomoa ukuta uliobaki wakainua kenchi mpya za paa la mteremko, Shabani akichagua mbao. Nyumba sasa inafanana na nyingine zote za kijiji. Bibi Perpetua hasimamishi tena wageni barabarani. Huwaingiza moja kwa moja ndani, na chai ikimiminwa huwasimulia jinsi mkamwana wake alivyopanda ngazi na sururu katikati ya mawe, na kila mara anaposimulia, mawe yanazidi kuwa makubwa.