Mlango wa Mpunga

Kwa miaka mingi nimechora maua kwenye vioo vya milango ya watu, huku nyumba yangu mwenyewe hapa Buyenzi ikiwa na mlango wa bati. Mke wangu alishachoka kunikumbusha. Aliyenisukuma hatimaye ni mama yangu.

Mama alihamia kwetu baada ya maji kuangusha ukuta wa nyumba yake kule Buterere. Macho yake yalikuwa yameharibika zamani. Kilichobaki ni kutofautisha mwanga na kivuli, basi. Sebuleni kwetu kulikuwa giza mchana kutwa, kwa hiyo kila asubuhi alitoa kiti chake akakaa mlangoni, katika vumbi na kelele za magereji, uso ameuelekeza juani. Mafundi waliobeba vyuma mabegani ilibidi wamzunguke. Nikamwambia nitaweka mlango wa kioo, ule unaopitisha mwanga lakini mpita njia haoni ndani.

"Na maua?" akauliza.

"Maua yoyote unayotaka, mama."

"Mi sioni maua. Uniwekee mupunga. Na uchimbe sana, nisikie na mukono."

Kazi yetu ni hivi: unabandika plastiki ya gundi juu ya kioo, unachora, unakata kwa wembe, unabandua sehemu unazotaka, kisha unapuliza mchanga kwa kompresa. Penye plastiki panabaki laini. Palipo wazi panakwaruzika na kuwa peupe kama ukungu. Ukikawia kupuliza mahali pamoja, kioo kinachimbika. Nilichagua kioo kinene, nikachimba mpaka ncha ya kidole iweze kulala ndani. Mashina saba ya mpunga, yamesimama wima, masuke juu. Nilijiona fundi kweli.

Kabla ya kukifunga nilikiegemeza ukutani, nikamshika mama mkono. Akaanzia chini, akapanda na shina polepole, akafika kwenye suke. Akarudia shina la pili, na la tatu. Mimi na mke wangu tulisubiri asifu.

"Huu mutama," akasema.

"Mama, ni mpunga."

"Apana. Mupunga ukiiva unainama. Huu umesimama kama askari. Mi nililima mupunga tangu musichana, ntashindwa kuujua?"

Mke wangu aliingia jikoni haraka, nikamsikia akicheka huko. Mimi sikucheka. Kioo kile kilinichukua siku nne, na hakuna kifutio cha kioo. Tulikifunga kwenye dirisha la jikoni, na mpaka leo mke wangu anakiita mtama wake.

Siku ya pili hasira zilipopungua, nilikwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Buterere. Nilimkuta mwanamke mmoja akivuna, nikamweleza shida yangu bila aibu. Alinitazama kama mtu aliyepotea, kisha akanikatia masuke kadhaa, akayafunga kwa jani.

"Umwambie mama yako mupunga mwaka huu ni muzuri," akasema.

Mama alipoyapokea aliyanusa kwanza. Kisha akashika shina moja kwa mkono wa kushoto, akaniwekea vidole vyangu juu ya suke, nikasikia linavyoanguka upande mmoja kwa uzito wa punje. "Umesikia? Linachoka," akasema. Nimezaliwa Buterere, nimekula wali wa mikono yake, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuugusa mpunga kwa makini namna hiyo.

Kioo cha pili nilikichora taratibu, suke moja likiwa mbele yangu mezani. Nilipokimaliza, mama alikipapasa kwa mikono yote miwili, mara mbili, kisha akasema tu, "Sasa funga." Kwa mama, hiyo ni sifa kubwa.

Siku hizi kiti chake kiko ndani, karibu na mlango, na sebule ina mwanga mpaka kwenye pembe. Anakunywa chai kiganja kimoja kikiwa juu ya masuke. Wiki iliyopita jirani yetu, mama mwenye duka la vitambaa, alikuja kumsalimia, akasimama kukitazama kile kioo, akasema mashallah.

"Apana, si hivyo," mama akamwambia. "Fumba macho kwanza. Leta mukono."

Jirani akafumba macho, akatoa mkono.